Mita Moja ni Mbali Sana Mwanjelwa

Mtu wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, ukimwelekezea kamera, anasogea mbele. Hajifichi wala hakimbii. Anakuja kwa hatua za mwenye nyumba anayempokea mgeni, mpaka unaweza kumhesabu kope. Kwa wenye simu hilo halina shida, maana simu inaona vizuri hata kitu kilicho umbali wa kiganja. Shida ni yetu sisi wachache tunaotembea bado na renjifainda, kamera ambazo mpigaji anachungulia kwenye kidirisha cha pembeni na siyo kwenye lenzi yenyewe. Hizi zina adabu zake za kizamani: mtu asimame mita moja, ndipo zimtambue.

Yangu ni Zorki-4. Aliileta baba mdogo, aliyesoma Moscow enzi zile vijana wetu walikuwa wanapelekwa Urusi na kurudi na makoti mazito na lafudhi ya ajabu. Zorki-4 zilitengenezwa kuanzia 1956 hadi 1973, na nyingi zilitoka na lenzi ya Jupiter-8 ya milimita 50. Lenzi nzuri kweli, inampendeza hata mtu aliyelala vibaya. Wenye kujua watakusifia uwazi wake wa f/2 na ulaini wa mandhari ya nyuma. Swali ambalo Mbeya lingetakiwa kuulizwa kabla ya mengine yote hawaligusi: je, inakubali kusogelewa kiasi gani? Jibu limeandikwa kwenye pete ya lenzi. Mita moja. Ukifika hapo pete inagoma, na hata ukiisihi haiongezi.

Nilimuuliza baba mdogo kwa nini Warusi walifanya hivyo.

“Kule watu hawasogeleani, mwanangu. Baridi.”

Nikamkumbusha kwamba hata Mbeya kuna baridi, Julai tunatembea na makoti.

“Baridi yetu ni ya kukumbatiana,” akasema, na mjadala ukaishia hapo.

Sababu yenyewe iko ndani ya kamera. Ukichungulia unamwona mtu mmoja mara mbili, wa pili amefifia. Unazungusha lenzi mpaka wale wawili wapandane, na hapo umbali umepatikana. Kinachofanya kazi hiyo ni kimkono kidogo ndani ya kamera kinachoegemea mgongo wa lenzi na kusogea nayo. Kimkono kina mwisho wa mwendo wake, na mtengenezaji mwaminifu anaifunga lenzi pale ambapo kipimo hakiwezi tena kusema kweli. Renjifainda nyingi za Leica za mfululizo wa M hufika sentimita 70. Mwaka 1956 Leica walitoa lenzi moja ya Summicron ya milimita 50 iliyoweza kufika sentimita 48, ila ilibidi uivalishe kamera miwani. Siku hizi wana lenzi zinazoshuka hadi sentimita 40 na kitu, lakini chini ya 70 kidirisha hakikusaidii tena, lazima utazame kioo cha nyuma cha kamera ya dijitali.

Sentimita 30 kati ya mita moja na 70 zinaonekana ndogo ukiwa unasoma kwenye kijitabu cha maelekezo. Nenda kwa mama lishe. Sentimita 70 ni umbali wa mtu mnayekula naye meza moja. Mita moja ni wa meza ya pili, na huyo hamjuani hata kusalimiana.

Basi, Mwanjelwa. Mama mmoja muuza nyanya alikubali picha kwa moyo mkunjufu, akajifunga kitenge upya, akasogea. Nikarudi hatua moja. Akasogea. Nikarudi tena.

“Mbona unanikimbia, baba?”

“Sikukimbii, mama. Simama hapohapo tu.”

“Nisimame huku mbali utaniona?”

Akasogea. Nikarudi, safari hii juu ya tenga la nyanya la jirani yake, na si kwa miguu. Jirani hakupiga kelele. Alinitazama nikiwa nimeketi vile, akachukua mfuko wa rambo, akaanza kupakia. “Mwe! Ndaga,” akashukuru, maana mteja ni mteja hata akija kinyumenyume. Nyumbani tulikula nyanya asubuhi, mchana na jioni, na mama watoto akaniuliza kama kamera ile haiwezi siku moja kunirudisha kwenye tenga la nyama.

Sokoni angalau kuna pa kurudi. Ndani ya Kosta ya Tukuyu hakuna. Bibi mmoja, ndizi miguuni, mkungu mwingine mapajani, aliona kamera akasema, “Mjukuu wangu, nipige nami.” Kati ya pua yake na lenzi hapakufika nusu mita. Nyuma yangu dirisha, nyuma yake mwanafunzi aliyelala. Kukataa ombi la bibi haiwezekani, nikapiga. Niliposafisha mkanda, konda aliyekuwa amening'inia mlangoni alionekana sikio lake zima, mpaka vinyweleo. Mbele yake palikuwa na wingu lililofungwa kilemba.

Baba mdogo alikuwa na dawa ya mambo haya tangu zamani, kwa sababu alirudi pia na Zenit-E. Ile unachungulia kwa lenzi yenyewe, na lenzi yake ya Helios inashuka hadi nusu mita. Lakini Zenit ni nzito na inapiga kelele ya mlango wa bati. Zorki haina uzito wala kelele za namna hiyo. Ndiyo maana mtu akishaizoea haiachi, hata inapomgharimu nyanya.

Iringa nako ni hivyohivyo, ila kwa staha zaidi. Pale Isimila, kwenye mawe yaliyochongwa na watu wa zaidi ya miaka 200,000 iliyopita, nilitaka picha ya shoka moja la mawe. Kwa lenzi ya milimita 50, mita moja inakupa picha inayomeza eneo la sentimita 42 kwa 63 hivi; shoka la urefu wa kiganja linabaki limelala katikati ya mchanga, limekosa wenzake. Kwa sentimita 70 eneo hilo linapungua hadi kama 28 kwa 42, na shoka lingeanza kupata heshima yake. Mwongozaji aliniona nimesimama mbali, nimechuchumaa, nimesimama tena.

“Sogea, kaka. Haliumi.”

Mjini palepale kijana mmoja alitaka kuniuzia Jupiter-12, ya milimita 35. Akaisifia upana. Nikaitazama pete: mita moja, nayo. Lenzi pana isiyosogea karibu ni hasara mara mbili, kwa sababu kwa mita hiyohiyo inameza sebule karibu mita nzima kwa upana na mtu wako anabaki kuwa mmoja wa vyombo vya kabatini. Ya milimita 90 ikiishia mita moja sina ugomvi nayo. Uso unajaa picha. Ila ya 35 nataka inisogeze mpaka mezani.

Nimetaja sebule kwa sababu ya send-off moja. Sebule ya Kiiringa, masofa yamegusana magoti, mgongo wangu kwenye kabati, na vikombe vya wageni vikilia kila nikivuta pumzi. Nikaombwa nipige pete. Bibi harusi mtarajiwa akanyoosha mkono mpaka kidole karibu kiguse kioo. Pete haikupatikana. Kilichopatikana ni tumbo la mshenga, kwa ubora wa hali ya juu.

Na shangazi, naye nilimpiga sebuleni mle. Kidirisha cha Zorki kiko pembeni na juu ya lenzi, kwa hiyo kwa karibu wewe unaona kichwa, lenzi inaona kuanzia nyusi kwenda chini. Usipoacha nafasi juu, unakata. Nilipopeleka picha, shangazi alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema polepole, “Umenikata kichwa.” Sasa, kuna miji ambayo unaweza kusamehewa kosa hilo. Iringa siyo mmojawapo: fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe lilipelekwa Ujerumani baada ya kifo chake mwaka 1898, likadaiwa hadi ndani ya Mkataba wa Versailles wa 1919, na halikurudi mpaka Juni 1954, Gavana Twining wa Tanganyika alipolikabidhi kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi. Mwaka huohuo ilitoka Leica M3, yenye fremu zinazojisogeza zenyewe kidirishani ili watu wasikatwe vichwa. 1954 ulikuwa mwaka wa vichwa kurudi mahali pake. Sikuthubutu kumwambia shangazi hivyo.

Kwa sasa natumia ujanja. Jupiter inafungwa kwa nyuzi. Ukiilegeza mzunguko mmoja, inakaa mbele kidogo na inaona mpaka karibu sentimita 80. Kimkono cha ndani hapo kinaanza kudanganya, kwa hiyo nimefunga kamera uzi wenye fundo: fundo likigusa pua ya mtu, napiga. Kwenye kilabu kimoja cha ulanzi, Ipogolo, nilimpima mzee mmoja hivyo. Akaweka kikombe chini.

“Unanipima nini, kijana?”

“Umbali tu, mzee.”

“Nilidhani sanda.”

Wenzake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliushika uzi, akauvuta kidogo, akauachia.

“Kama ni sanda, usinipime pua. Pima urefu. Ya babu yangu ilipungua miguuni.”