Usiipige Kofi

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, ikiwa imebeba setilaiti iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota. Mwaka huohuo kampuni ya Digital Equipment ya Marekani ilitangaza PDP-11, kompyuta iliyofungwa kwenye kabati lenye kimo cha mtu na bado ikaitwa ndogo, maana nyingi zilizoitangulia zilijaza chumba kizima. Ukikuta mashine ya rika hilo katika stoo ya Malindi au Kilifi, ukaiwasha ikanyamaza, fuata haya.

Toa mkono kwenye swichi. Mashine hizi huuawa zaidi na mtu anayewasha mara ya pili na ya tatu, akibonyeza kama anayegonga mlango wa mdeni wake. Usiipige kofi, si ngoma hiyo. Jirani akikwambia ina jini, mkubalie, kisha mwambie jini wa pwani jina lake ni chumvi.

Anzia ukutani. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ndani yake, na wengi hufungua kompyuta nzima kabla ya kuifungua plagi. Soma kibandiko cha nyuma: stima ya Kenya ni volti 240, hezi 50, na mashine iliyoundwa kwa soko la Marekani hutaka takriban volti 115, hezi 60. Bila transfoma ya kushusha, usithubutu. Hata ukiwa na transfoma, hezi hubaki 50: feni zitazunguka polepole, na programu inayohesabu saa kwa mawimbi 60 ya stima itachelewa dakika 10 katika kila saa.

Sasa tazama ufunguo. PDP-11 za mwanzo huwashwa kwa ufunguo kama gari, na kisanduku kinachogawa stima ndani ya kabati kina swichi yake ya kuamua kama kitawaka chenyewe au kitangoja amri kutoka paneli ya mbele. Waya wa amri ukiwa umechomoka, kabati zima litakaa kimya na hakuna kilichoharibika. Fundi asiyejua hilo atakutoza pesa za siku tatu.

Fyuzi ikiwa imeungua, imekwambia jambo. Usiizungushie karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Najua imewasha redio nyingi Kilifi, lakini hapa utakuwa umemuua mlinzi ili mwizi apite. Vipande vya mantiki vya mashine hii hutaka volti 5 na huanza kufa zikizidi 7. Pawasapulai nyingi za aina hii zina saketi ambayo, volti zikipanda, hupiga shoti makusudi na kuiunguza fyuzi ili kadi za saketi zipone. Weka fyuzi ya kipimo kilekile, na kabla ya kuwasha tafuta kilichoiunguza.

Mara nyingi ni kapasita kubwa zenye umbo la kopo. Zikikaa miaka bila stima, utando mwembamba unaozikinga ndani hudhoofika, na ukizipa volti zote kwa ghafla huweza kupasuka. Chomoa kadi zote, uipime pawasapulai peke yake. Unganisha balbu ya zamani ya waya, ya wati 100, kwa mfululizo na waya wa stima, na upande wa volti 5 weka balbu ya gari iwe mzigo. Balbu ya wati 100 ikimweka kisha ikafifia, endelea. Ikiwaka kwa ukali na kubaki hivyo, zima: kuna shoti. Na usiguse ndani baada ya kuchomoa plagi, maana kapasita hubaki na stima ya kuua mtu. Ngoja, kisha pima kwa mita.

Chumvi nayo haina huruma. Watu wa Gongoni na Marereni wanaoivuna mashambani wanajua hewa ya huku imebeba nini, na kusi ikivuma huingia hata kwenye kabati lililofungwa. Chomoa kila kadi, futa meno yake ya dhahabu kwa pamba na alkoholi safi, irudishe palepale ilipokuwa. Piga picha kwanza. Usitumie msasa, dhahabu hiyo ni nyembamba kuliko unywele. Ukikuta nyumba ya nyigu kwenye feni au mjusi aliyekaukia juu ya vituo vya waya, umekaribia jibu.

Volti zikitulia, rudisha kadi moja moja, ukizima kila mara.

Nakuomba jambo moja kabla hujampigia mnunuzi wa vyuma chakavu. Kumbukumbu ya nyingi za mashine hizi ni vipete vidogo vya sumaku vilivyosukwa kwa waya, na vipete hivyo havihitaji stima ili kukumbuka. Programu ya mwisho iliyoendeshwa humo, hata kama ni ya miaka 50 iliyopita, huenda bado imo. Mtafute fundi aisome kwanza.