Nimelipa Ada, Narushiwa Mpira

Kijana anayetufundisha Kiingereza jioni, ghorofani juu ya duka la vipuri pale Kariakoo, ana adabu zake. Ananiamkia shikamoo mlangoni, ananipokea mfuko, ananivutia kiti. Kipindi kikianza tu, ananitwanga mpira wa soksi kifuani na kudai kitenzi cha wakati uliopita kabla hajahesabu hadi tatu.

Mimi ni mstaafu. Ada nimelipa taslimu na risiti ninayo. Nilitarajia ubao, chaki na mtu mkali. Nimekuta viti vimepangwa duara kama kikao cha harusi, na mwalimu kavaa raba. Ukikosea hakuna wa kukukaripia. Mnacheka, yeye akiwa wa kwanza, na mpira unaendelea. Sasa mtu mzima ukikosea usigombezwe, utajuaje kama umekosea?

Anayeniudhi zaidi ni Mama Vitenge. Huyu hufuata mzigo Guangzhou, na Kiingereza chake kina kitenzi kimoja kinachofanya kazi za vyote: jana "go", leo "go", kesho "go". Lakini mpira haujawahi kumkuta kimya. "Yesterday I go Mbagala, I see big thief!" Basi darasa zima linataka kujua mwizi kaishia wapi, anaulizwa, anajibu, anaigiza mpaka mbio zenyewe. Mimi niliyekariri jedwali zima la vitenzi, nikiwa bado naamua kati ya "has" na "had", nimeshatolewa mchezoni.

Nikamfuata mwalimu kulalamika. Akanijibu kwa vitabu. Eti Mmarekani Stephen Krashen aliandika mwaka 1982 kwamba hofu humzibia mwanafunzi njia: lugha inafika masikioni ila haiingii. Eti mwingine, James Asher wa California, alifundisha kwa kuwaamuru watu wasimame, wakae, waende dirishani; mwili utii kwanza, mdomo utafuata ukiwa tayari. Hapo nikaguna. Huyo Asher angepita kwenye uwanja wowote wa vumbi hapa mjini angekuta watoto wanacheza nyama nyama. Kiongozi akitaja ng'ombe, wote juu, "nyama!" Akitaja mbuzi, "nyama!" Akichomekea nyoka, aliyeruka anatoka. Wanasikiliza kwa makini kuliko mahakimu, na hakuna aliyewalipia kozi.

Nikamwambia hata sisi tulichezeshwa, tena mchezo wenye meno. Ngũgĩ wa Thiong'o ameueleza katika Decolonising the Mind, kitabu cha mwaka 1986, akikumbuka shule za Kenya ya miaka ya 1950: mtoto mmoja anakabidhiwa kifungo, naye anampa yeyote atakayemnasa akiongea lugha ya nyumbani, huyo naye anatafuta wake. Jioni aliyebaki nacho anataja aliyempa, yule anamtaja wake, mpaka wakosaji wote wa siku hiyo wanajulikana. Kwetu, sekondari, ambako Kiswahili cha shule ya msingi kiliachwa getini, hakikuwa kifungo bali kibao cha kuvaa shingoni. Nilikuwa bingwa wa mchezo ule. Niligundua mapema dawa ya kutokamatwa, nayo ni kufunga mdomo. Nikaufunga hadi kidato cha nne, na mtihani wa Kiingereza nikaufaulu vizuri bila kukizungumza na binadamu yeyote. Ubingwa huo ndio kijana huyu na soksi zake anataka kuniharibia.

Nikambana kwa lingine. Haya ya duara yanawezekana kwa sababu tuko wachache. Mpwa wangu anafundisha kidato cha kwanza shule ya kata, madawati yamebanana hata yeye mwenyewe hana pa kupita. Huko mpira utarushwa wapi? Aliwahi kujaribu bingo ya maneno kwa vizibo vya soda, na mwalimu wa Hesabu wa chumba cha pili akaja mbio kuuliza nyoka kaingilia wapi. Mkuu wa shule naye akakumbusha kwamba mtihani wa taifa hauna swali la vizibo. Ni kweli hauna. Ila mpwa anasema wale wa benchi la nyuma, ambao alishaanza kudhani ni mabubu, siku hiyo waligombana kwa Kiingereza juu ya nani kaiba kizibo cha nani. Kiingereza kibovu mno, anasema, lakini ugomvi ulikuwa wa kweli na ulieleweka.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema "nimekuelewa, mzee wangu", kisha akatangaza kwamba wiki ijayo tunaigiza hospitali. Mama Vitenge ni daktari, na tayari ananiulizia dalili ngazini. Mimi nimeomba niwe mgonjwa aliyezimia. Mwalimu amekubali, ila amesema nitazinduka mapema.