Sifa za Bahasha ya Kaki

Kuna vitu vilivyosifiwa hadi vikalewa: mnazi, ngamia, mama mzazi, timu ya taifa. Bahasha ya kaki haijaimbiwa na mtu. Nimeishi Machakos miaka yangu yote isipokuwa minne ya chuo, nimeikumbatia kwapani kuliko nilivyokumbatia binadamu yeyote, na naona deni limekua. Leo nalilipa. Malipo ni jambo ambalo mimi na bahasha hatujazoea kuliona likitendeka. Acha mmoja wetu aanze.

Tuanze na umbo. Ile yenyewe ni ya saizi ya A4, rangi ya vumbi la Mwala mwezi wa Septemba, na ulimi wake una gundi tamu kidogo ambayo nimeilamba asubuhi nyingi kabla ya chai. Nilikuwa nikiinunua shilingi kumi kwenye kibanda cha fotokopi karibu na steji. Rangi hiyo haikuchaguliwa na mjinga. Bahasha nyeupe ingefichua vidole vyako siku ya kwanza. Ya kaki huzeeka pamoja na mwenyewe, taratibu, mpaka mtu akiwatazama wawili hao hajui nani amechakaa zaidi. Halafu haikunji karatasi. Mwaka mzima niliozunguka kutafuta uanagenzi wa kulipwa, hicho ndicho kitu pekee kilichonipokea mzima bila kunikunja.

Fungua uone kilichomo. Wasifukazi wa kurasa mbili, na wa tatu ambao kijana wa saiba aliuongeza kwa hiari yake ili kujaza nafasi. Nakala ya kitambulisho, mbele na nyuma. Cheti cha KCSE. Cheti cha chuo, au barua inayosema cheti kiko njiani. Barua ya kukuombea nafasi inayoanza "Kwa yeyote anayehusika", ilhali huko inakopelekwa kila unayemkuta hahusiki. Cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, nilichokilipia shilingi 1,050 kupitia eCitizen na vidole vyote kumi vikatiwa wino, ili ijulikane kwamba hujaiba. Na namba ya KRA, ili ijulikane kwamba uko tayari kutozwa kodi ya mshahara usiokuwapo. Ni maktaba ndogo. Nimewaona watu wazima wenye kazi nzuri wasioweza kuthibitisha nusu ya mambo ambayo bahasha yangu ilithibitisha.

Anayeibeba hupanda cheo papo hapo. Mtu asiye na kazi akitembea mjini saa nne asubuhi mikono mitupu ni mzururaji. Mpe bahasha, amekuwa mtu mwenye shughuli. Makanga wanampisha. Mama, ambaye wiki za kwanza alikuwa akiniuliza, "Unaenda wapi tena, mwanangu?", alipoiona bahasha aliacha kuuliza akaanza kunipa nauli. Shangazi yangu wa Tala aliwaambia wenzake wa chama kwamba nafanya kazi ofisini. Hakusema ofisi ya nani wala kazi gani, na kwa kweli hakudanganya sana: kwenda ofisini kila siku nilikuwa naenda.

Ila sifa yake kubwa utaijulia langoni. Siku moja nilifika kwenye ofisi fulani mjini, jengo la ghorofa tatu lenye maua ya kumwagiliwa. Soja alikuwa kijana wa rika langu, redio ndogo mfukoni.

"Umekuja kwa nani?"

"Nimeleta barua, mkubwa."

"Barua ya nini?"

"Ya kuomba uanagenzi."

Akanitazama viatu, akapanda hadi kwenye kola. "Ya kulipwa ama ya kawaida?"

Nilisoma uchumi mihula minane, na hakuna mhadhiri aliyewahi kunieleza soko la ajira kwa maneno machache hivyo. Nikamwambia yoyote. Akaichukua bahasha, akaipima uzito mkononi kama mtu anayenunua ndengu, akaikunja kidogo pembeni. "Hii iache. Wewe rudi nyumbani, utapigiwa."

Nikabaki nje, bahasha ikaingia. Kupitia uwazi wa lango niliitazama ikivuka yale maua, ikapanda ngazi chini ya kwapa la mtu mwingine, ikapotelea kwenye kivuli chenye kiyoyozi. Nilikuwa nimeizaa mimi na ilikuwa imenishinda. Tangu siku hiyo sijawahi kuidharau. Ofisi zetu ni karimu mno kwa karatasi: zinaikaribisha, zinaipa namba, zinailaza mahali pakavu. Mgeni asiyetakiwa ni yule aliyeandikwa ndani yake.

Nieleze tofauti ile ya soja, kwa faida ya wazazi. Atachimenti ni ya mwanafunzi ambaye bado yuko chuoni, apate alama na sahihi kwenye daftari lake la kumbukumbu. Uanagenzi ni wa aliyekwisha kuhitimu, apate uzoefu. Malipo katika yote mawili ni kama nyama katika muthokoi: haikatazwi, na hakuna anayeshtuka ikikosekana. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki. Basi njia ni nyepesi. Usimwite mfanyakazi. Mwite mwanagenzi, mpe ufunguo wa stoo, mwache afungue ofisi saa moja na nusu na kuifunga saa kumi na moja, na Katiba itapita mlangoni bila kubisha hodi.

Na tusijidai kushangaa, sisi watu wa hapa. Mji wetu wenyewe ulianza maisha kama mwanagenzi. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki iliweka kituo chake hapa mwaka 1889, katika nchi iliyochukua jina la Masaku, na kwa miaka kumi Machakos ikawa darasa la utawala wa bara: hapa ndipo Wazungu walipojifunzia kukusanya, kuamrisha, kuandika ripoti na kulalamikia mbu. Reli ilipotupita kando, John Ainsworth akafunganya mwaka 1899 akahamia Nairobi na ofisi yake. Miaka kumi ya kazi, kisha nafasi ya kudumu akapewa mwingine aliyekuja juzi, tena kinamasi. Machakos haikupata hata barua ya shukrani. Ikapata uzoefu.

Bahasha ina adui mmoja, nami sitamficha: tovuti. Nafasi zenye pesa ndani yake zimezoea kuombwa kwa intaneti. Tume ya Utumishi wa Umma ilipoanzisha mpango wake wa wanagenzi mwaka 2019, miezi 12 kwa posho ya shilingi 25,000 kwa mwezi, haikuuliza habari za kaki. Iliuliza kama mwombaji amewahi kufanya kazi ya taaluma yake tangu ahitimu, na kama amewahi, asijisumbue. Matangazo ya kampuni, yaliyobandikwa ukutani pale pale saiba, yanataka uzoefu wa miaka miwili. Kijana mwenye akili, kwa hiyo, hutunza bahasha mbili: moja ya kukiri, nyingine ya kukana. Mimi niliziandika kwa penseli ndogo kwenye kona, K ya "kuna" na H ya "hakuna", na siku moja nilizichanganya. Habari hiyo niiache.

Hata hao wanaolipwa hawajalala usingizi. Walimu wanagenzi wa sekondari msingi walifundisha kama walimu, wakasahihisha kama walimu, wakapewa posho ya shilingi 20,000 kabla ya makato, mpaka Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliposema kwamba haki zao zimevunjwa. Madaktari wanagenzi, ambao mkataba wa 2017 uliwaandikia shilingi 206,000 kwa mwezi, waliambiwa na serikali 2024 kwamba 70,000 zinawatosha. Mgomo wa madaktari ulioanza Machi mwaka huo ukachukua siku 56. Nilikuwa nikisoma habari hizo gazetini kwa kinyozi nikimeza mate. Kuwa na kitu cha kugomea! Siku hizo mimi ningekubali 7,000 na chapati.

Wageni huja Kyamwilu, upande wa Kituluni, kuona maji yanavyopanda mlima. Unamwaga chupa barabarani, nayo yanaonekana kuelekea juu. Gari likiachwa huru linajongea kwenda kule ambako macho yako yanaapa ni mwinuko. Wataalamu wanasema ni macho tu yanadanganywa na mkao wa vilima. Watu wa Nairobi hupiga picha na kupiga mayowe. Sisi wa bahasha hatuoni ajabu.

Chukua kalamu. Kutoka kwetu Kathiani hadi mjini nilikuwa nalipa shilingi 100, na 100 kurudi. Siku 22 kwa mwezi ni 4,400. Kwa miezi mitatu ni 13,200, na bado hujala mchana, hujanunua shati la pili ili la kwanza lifuliwe, hujaweka bando la kuitikia "uko wapi?" ya bosi saa mbili usiku. Mama aliuza madebe mawili ya ndengu. Kisha akauza mbuzi, yule mwenye baka jeupe sikioni ambaye alikuwa amemtenga kwa ajili ya ada ya mdogo wangu. Pesa ya mbuzi ikashuka Kathiani kwa matatu, ikatembea hadi mjini, ikapanda ngazi mpaka ghorofa ya pili, ikaingia katika ofisi iliyokuwa na magari manne uani, ikaisaidia kufanya kazi zake. Unamwaga kwa asiye nacho, yanapanda kwa aliye nacho. Kule Kyamwilu watu hupiga picha.

Nimesema ghorofa ya pili kwa sababu hatimaye nafasi nilipata. Hapa lazima niombe radhi kwa bahasha: sikuipata kwa bahasha. Mjomba alikuwa kwenye mazishi Kangundo, akakaa kiti kimoja na mtu ambaye walisoma pamoja, wakagawana soda, na Jumatatu nikaripoti. Ilikuwa ofisi ile ile yenye maua. Soja alinifungulia lango akaniita "mkubwa", nami nikajisikia vibaya kwa niaba ya sote wawili.

"Ya kulipwa?" akanong'ona.

"Ya kawaida."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba wa mbali.

Nilipelekwa masjala. Madam wa masjala alikuwa mwanamke mpole, mwenye miwani ya kamba, aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Alinionyesha meza, daftari, kidau cha wino wa zambarau na muhuri wa kupokelea wenye magurudumu madogo ya tarehe. Kazi yangu ilikuwa bahasha za kaki. Zilikuwa zinakuja kumi, kumi na tano kwa siku, Januari hadi thelathini. Naandika namba daftarini, nasogeza gurudumu la tarehe, napiga muhuri mgongoni, naziweka kwenye katoni ya karatasi za fotokopi chini ya ngazi. Katoni ikijaa, nachukua nyingine. Nilimuuliza zinafunguliwa lini.

"Mkubwa akiziulizia."

"Huwa anaziulizia lini, madam?"

Alifikiri kwa haki kabisa, akiwa amesimamisha kikombe hewani. "Yule wa kabla ya huyu aliwahi kuuliza," akasema.

Nilifanya kazi ile vizuri. Sijivuni, ila hakuna bahasha iliyopigwa muhuri upande katika wakati wangu. Nilijifunza miandiko: wa Yatta wanaandika anwani kubwa, wasichana wanapiga mstari chini ya tarehe, waliokata tamaa wanatumia bahasha iliyokwisha kutumika na kuibandika karatasi juu ya jina la zamani. Wiki ya saba madam aliniagiza nipange upya katoni za nyuma kwa sababu maji yalikuwa yamepenya ukutani. Katika ya nne, karibu na chini, niliuona mwandiko ninaoujua. Kona ilikuwa na mkunjo wa mkono wa soja. Kwenye kona nyingine kulikuwa na K ndogo ya penseli. Muhuri wa zambarau ulikuwa umekaa sawasawa katikati ya mgongo, na ulimi ulikuwa umeshika vilevile nilivyoulamba.

Madam aliniona nimesimama nayo.

"Huyo unamjua?"

"Namjua kidogo, madam."

"Basi mpigie, maskini, asiendelee kungoja. Mwambie nafasi imeshachukuliwa."

Saa nne chai ilipoletwa niliushika ulimi wa bahasha juu ya mvuke wa birika, nikaufungua polepole bila kuuchana, nikatoa karatasi zangu. Cheti cha polisi kilikuwa kimepitwa na muda. Bahasha ilikuwa nzima kabisa. Niliibandika lebo nyeupe juu ya anwani ya zamani nikaandika ya kiwanda kimoja huko Athi River, ambako nilikuwa nimesikia wanalipa.