Namna ya Kuandaa Bingwa wa Mbio Ndefu Kaengesa kwa Wiki Mbili

Hongera, mwalimu, kwa kupewa michezo. Najua hukuiomba. Aliyekuwa nayo kahamishwa, kikao kikafika kwenye "mengineyo", na macho ya walimu wote yakatua kwenye raba zako. Usihangaike. Ukocha wa mbio ndefu hauna gharama: filimbi ya kuazima, fimbo, na koo lako mwenyewe. Ukiufuata mwongozo huu bila kupunguza kitu, mwanafunzi wako atamaliza wa kumi na moja mkoani, na lawama zote zitamwangukia yeye.

La kwanza ni kuchelewa. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, si jambo la kushtukiza. Inajulikana tangu mwaka unaanza kwamba shule zitakutana ngazi ya kata, kisha wilaya, mkoa, hatimaye taifa. Ndiyo maana inabidi ujizoeze kushangaa. Barua ikifika, shika kichwa, sema "Kumbe tayari!", halafu ndipo uitishe mazoezi. Moyo na misuli ya mkimbiaji vinataka wiki nyingi za kazi ya mpangilio kabla ya kuonyesha mabadiliko ya maana. Wewe una wiki mbili, na moja kati ya hizo ni ya mitihani. Hapo umepatia.

Kumpata mkimbiaji nako ni rahisi. Panga kidato cha pili na cha tatu mstari mmoja, waambie wakimbie hadi barabarani na kurudi, chukua aliyetangulia. Usiulize nani anaishi wapi. Inawezekana yule aliyeshika nafasi ya tano anakuja shuleni kila asubuhi kwa miguu kutoka kijiji cha mbali, nusu ya njia akikimbia ili awahi namba, na kwa hiyo tayari ana msingi ambao wenzake hawana. Siku hiyo alikuwa hoi tu kwa sababu jana yake alishinda anabeba mahindi kutoka shambani. Habari hizo hazikuhusu. Wa kwanza ni wa kwanza, hata kama kwa maumbile ni mtu wa mita 400 aliyejikuta kwenye foleni isiyo yake.

Sasa uwanja. Utatumia wa mpira, maana ndio uliopo, na utatangaza kwa sauti ya mamlaka kwamba mzunguko mmoja ni mita 400. Hakuna atakayepinga. Uwanja wa mpira wenye vipimo vya mita 105 kwa 68 ukiuzunguka pembeni kwenye chokaa unapata mita 346, na wa shule mara nyingi haufiki hata hapo, hasa kama goli moja lilisogezwa kukwepa mti. Hili lina faida kubwa kwako. Mbio za mita 3,000 ni mizunguko saba na nusu ya mita 400. Kijana wako akizunguka mara saba na nusu pale shuleni atakuwa amekimbia kama mita 2,595. Kwa mwendo ambao kwenye uwanja halali ungempa dakika 10 kamili, saa yako itasoma dakika 8 na sekunde 39. Utampigia simu ndugu yako usiku huohuo kumwambia umepata hazina. Fundi yeyote wa ujenzi Kaengesa ana futi kamba, na dakika kumi na tano zingetosha kupima uwanja na kuweka alama tatu za chokaa pembeni, lakini ukishapima utakuwa umeua hazina.

Tuje kwenye kiini: mazoezi ya vipindi. Yenyewe ni mepesi kiasi kwamba kuyaharibu kunahitaji bidii. Mkimbiaji anakwenda umbali mfupi kwa kasi ya mbio anayoiandalia, anapumzika kwa muda uliopimwa, anarudia. Anayetaka mita 3,000 kwa dakika 10 anatakiwa azoee sekunde 80 kwa kila mita 400. Basi unampa mita 600 mara tano, kila moja kwa dakika 2 kamili, na katikati anajikokota taratibu dakika mbili. Akizoea, mapumziko yanapunguzwa au idadi inaongezwa, lakini si vyote kwa mpigo. Ya tano inatakiwa ifanane na ya kwanza. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha. Siku nyingine anakimbia polepole, polepole ya kuweza kupiga soga na mwenzake bila kukatika pumzi.

Wewe usifanye hivyo. Simama katikati ya uwanja, puliza, kisha piga kelele, "Vuta! Vuta! Unakimbia au unatembea?" Kijana, ambaye anakuogopa kuliko anavyoogopa kushindwa, atapiga ile ya kwanza kwa dakika 1 na sekunde 42. Mpongeze mbele ya wote. Ya pili itakuwa dakika 1 na 55. Ya tatu mikono imepanda hadi mabegani, kichwa kinayumba, mdomo uko wazi. Mwambie abane mdomo. Ya nne kichomi kimemshika ubavuni naye anakimbia ameinama upande. Baada ya hapo ataenda nyuma ya goli kutapika maharage ya mchana.

"Mwalimu, nimechoka."

"Umechoka na nini, na jua lenyewe hakuna?"

Ya tano atamaliza kwa dakika 2 na nusu, hatua za mwisho akitembea. Waambie waliobaki kwamba hivyo ndivyo mabingwa wanavyotengenezwa. Kesho yake, Jumanne, rudieni. Jumatano pia.

Hapa kuna hatari moja ambayo lazima uikwepe, nayo ni kujua zoezi hili lilitoka wapi. Pale Freiburg nchini Ujerumani, kocha Woldemar Gerschler alikaa na daktari wa moyo Herbert Reindell wakaanza kuhesabu mapigo ya wakimbiaji. Mkimbiaji alikwenda kasi mpaka moyo ukagonga kama mara 180 kwa dakika, kisha akasubiri ushuke hadi 120. Ukichukua zaidi ya sekunde 90 kushuka, maana yake kazi imezidi, na siku hiyo basi. Kwa maelezo yao, moyo ulikuwa ukijengeka katika kile kipindi cha kupumzika. Mwanafunzi wa Gerschler, Rudolf Harbig, alikimbia mita 800 kwa dakika 1:46.6 mjini Milan mwaka 1939, rekodi iliyokaa miaka kumi na sita. Kipimo chenyewe hakitaki umeme wala bajeti ya halmashauri: vidole viwili shingoni, hesabu mapigo kwa sekunde 10, zidisha kwa sita. Ukipata 30, moyo uko kwenye 180; ukifika 20, mtoto yuko tayari kuondoka tena. Ukishalijua hili utashindwa kupiga kelele "Vuta!" kwa moyo mweupe, kwa hiyo lisahau.

Usimsikilize pia baba wa huyo kijana. Yeye analima kwa plau, na kila mtu Ufipa anajua maksai hufungwa alfajiri, wakavuta mfuo hadi mwisho wa shamba, wakasimama kidogo kwenye kugeuza, na jua likipanda hufunguliwa wakale majani. Anayewalimisha kutwa nzima siku ya kwanza ya mvua hamalizi msimu. Mzee huyu hajawahi kusikia habari za Freiburg, ila akipita pembeni ya uwanja akaona unavyomfanya mwanawe, atasimama, atatikisa kichwa, atasema, "Mwalimu, huyu si ungemfungua kwanza?" Mwambie kilimo na riadha ni fani mbili tofauti.

Wapo watakaokuletea habari za Emil Zátopek wa Czechoslovakia. Hao wapokee kwa furaha. Huyu bwana alikuwa akirudia mita 400 makumi ya mara kwa siku moja, na kule Helsinki mwaka 1952 alichukua dhahabu ya mita 5,000, ya mita 10,000 na ya marathoni, hiyo ya mwisho ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza kuikimbia. Mtaje kila siku. Usitaje kwamba kati ya kila mita 400 alikuwa anakimbia taratibu mita 200, wala kwamba alifika kwenye idadi hiyo baada ya miaka. Habari za Roger Bannister nazo zifiche kabisa. Mwingereza huyu alikuwa akifanya mizunguko kumi ya robo maili, na mapema mwaka 1954 alikwama: sekunde 61, kila akijaribu, 61. Akaacha mazoezi, akaenda Scotland kupanda milima siku chache na rafiki zake, akarudi akaifanya kwa 59. Tarehe 6 Mei mwaka huohuo akawa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika nne. Kijana wako akizisikia hizi ataomba ruhusa ya kwenda kutembea milima ya Mbizi, na mashindano yako yako karibu.

Kuhusu mbinu za siku ya mbio, mwambie aanze kama Filbert Bayi. Hii ndiyo nasaha ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu ina uzalendo ndani yake. Tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch, New Zealand, Bayi alitoka mbele tangu mlio wa bastola kwenye mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, akawaacha wenzake nyuma, na akashika uongozi hadi mwisho mbele ya John Walker kwa dakika 3:32.2, rekodi ya dunia. Haya yote ni kweli. Jambo la kuruka ni kwamba mtu hawezi kushikilia mwendo ambao mwili haujauzoea mazoezini, na kwamba Bayi alikuwa ameuzoea. Kijana wa Kaengesa aliyeandaliwa kwa wiki mbili akianza hivyo ataongoza mizunguko miwili. Utapiga picha.

Mkishindwa, sababu ya kitaalamu ipo tayari: damu. Sema kwamba wakimbiaji huzaliwa Arusha, Manyara na Singida, basi, Mungu kagawa. Akhwari wa Mbulu, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 na goti limefungwa bandeji, wa 57. Bayi wa Karatu. Alphonce Simbu wa Singida, ambaye Septemba 2025 mjini Tokyo alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa saa 2:09:48, yeye na Mjerumani Amanal Petros wakipewa muda uleule, mpaka ikabidi picha ya mwisho iamue kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Usijiulize mtu anapata wapi kasi ya mita za mwisho baada ya kilomita 42. Ukijiuliza utarudi kwenye zile mita 600 mara tano. Wala usitazame ramani. Uwanda wa Ufipa uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,800, Karatu haituzidi. Hewa yetu nyembamba ni ileile ambayo wakimbiaji wa nchi za tambarare hulipa nauli ya ndege kuifuata. Kitu pekee inachodai ni mapumziko marefu kidogo kati ya kipindi na kipindi, na hilo tumeshakubaliana kwamba halipo.

Akitokea mtu akasema Iten ya Kenya nako kulianza na shule tu, mkatishe. Ni kweli kwamba Bruda Colm O'Connell alifika shule ya St. Patrick's mwaka 1976 kutoka Ireland kufundisha jiografia, hakuwa kocha, akajifunza kwa kuwaangalia vijana wanavyokimbia. Na kwamba Peter Rono, mwanafunzi wa pale, alishinda mita 1,500 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, na David Rudisha aliyefundishwa na bruda huyohuyo akakimbia mita 800 kwa 1:40.91 London mwaka 2012. Lakini yeye alikaa pale miaka na miaka. Wewe unasubiri uhamisho.

Siku ya mwisho kabla ya safari, fanya zoezi kali kuliko yote, ili ujihakikishie. Makocha wengine duniani hupunguza kazi siku kumi kabla ya mashindano miguu ipate kurudi. Waache na uvivu wao. Wapandishe vijana kwenye gari alfajiri wakiwa wamesimama, upepo wa kipupwe ukiwapiga vifuani hadi Sumbawanga mjini. Mezani msiwe na ugali, maana umesikia unatia uzito. Badala yake nunua pakiti ya glukosi, na kwenye mstari wa kuanzia mmiminie kiganjani alambe. Kwa mbio za dakika kumi mwili una akiba ya kutosha tangu jana, glukosi hiyo haitakuwa na kazi, ila watazamaji watajua kwamba timu yenu ina maandalizi.

Mbio zitaanza. Ataongoza, kama ulivyoagiza. Mzunguko wa tatu watamfikia, wa tano watampita kwa makundi. Uwanja ukiwa umepimwa, pale ambapo mwili wake umezoea kusikia filimbi ya mwisho zitakuwa zimebaki mita 400 nzima, naye atageuza kichwa kukutafuta kwenye umati. Huo ndio muda wa kwenda kununua maji.

Kwenye ripoti andika "ukosefu wa ari". Ikishindikana, nong'ona kwamba kata ya jirani ilimchezea kwa uchawi. Ukishataja Sumbawanga, watu wa mikoa mingine hawakuulizi ushahidi. Kijana akisema anaacha mbio anarudi kwenye mpira, mruhusu. UMISSETA ya mwakani itakuja wakati uleule, na futi kamba ya mita 50 inapatikana mjini kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Usiinunue.