Yule wa Fildi

Ukitaka ndugu zako wakukumbuke, waambie umepata nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwenye idara ya fedha. Mimi niliipata nilipomaliza mwaka wa pili chuoni, katika kampuni moja ya malori pale Kurasini, si mbali na bandari. Habari zilifika kijijini kabla barua yangu haijagongwa muhuri. Baba mdogo, ambaye hakuwa amenipigia tangu nimalize kidato cha sita, alipiga alfajiri. Hata hali hakunijulia.

"Si uko kwenye hela sasa? Nitumie ya mbolea. Na ya kutolea usisahau."

Nikamweleza kwamba wa fildi halipwi, kwamba bumu lenyewe la fildi halijaingia, na kwamba nauli ya daladala ya siku hiyo nimeikopa kwa mwenzangu wa chumbani. Akashusha pumzi ndefu, akasema elimu imenibadilisha.

Darasani tulishiba nadharia. Tulijua hatifungani, tulijua kuipima leo thamani ya shilingi ya miaka kumi ijayo, tulijua hata kwamba Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza kuuza hisa mwaka 1998 lilikuwa na kampuni moja tu, TOL. Nikaona mtu wa namna hiyo hawezi kwenda kazini na shati tupu. Nikashuka Karume, mtumbani, nikanunua suti ya kijivu, sufu nzito iliyoshonwa kwa ajili ya baridi. Mfuko wake wa ndani ulikuwa na tiketi ya basi ya Düsseldorf. Julai Dar kuna upepo mzuri wa kipupwe, lakini upepo huo haukuweza kupenya kitambaa kile.

Mama Mhasibu, mkuu wa idara, aliitikia shikamoo yangu, akanitazama kuanzia tai hadi viatu. "Mwanangu, unaoa leo?" Kisha akanikabidhi stepla.

Tangu hapo sikuwa na jina. Fildi, toa kopi. Fildi, kamwite fundi wa printa. Fildi, umeona birika? Walinzi wa getini tu ndio walioiheshimu suti: walidhani natoka TRA, wakanipigia saluti kila asubuhi. Madereva nao walidhani hivyo hivyo, wakawa wananikimbia.

Hilo lilikuwa tatizo, maana kazi niliyopewa ni ya kuwafuata madereva. Dereva anayekwenda Tunduma hupewa masurufu ya njiani, na akirudi anatakiwa kuyarejesha kwa risiti. Mzee mmoja aliyezeeka kwenye barabara ile aliniletea fomu yenye mstari wa "matengenezo ya gari", na chini yake chipsi mayai, Makambako.

"Mzee, hii ni chakula."

"Mwanangu, gari linaendeshwa na nini?"

"Na dereva."

"Dereva akianguka kwa njaa, gari litapona?"

Nilipeleka hoja ile kwa Mama Mhasibu nikiwa nimekwisha kushawishika. Aliifuta kwa kalamu nyekundu bila kuinua kichwa.

Sasa, risiti za mashine za EFD zina tabia yake. Haziandikwi kwa wino. Maandishi hutokezwa na joto la mashine juu ya karatasi maalumu, kisha yakikaa hupauka hadi ukabaki na kipande cheupe unachoapa kwamba kiliwahi kuwa mafuta ya dizeli. Mama Mhasibu alilalamika kuhusu jambo hilo kikaoni. Mhudumu wa ofisi, mtu mwema asiyependa kuona watu wazima wanateseka, alisikia. Jioni akabeba bahasha nzima ya risiti za sheli za mwezi ule, akaipeleka kwa kijana wa stationery ng'ambo ya barabara, akazipigisha laminesheni moja moja.

Lakini karatasi inayoandikwa kwa joto haijui joto la sheli na joto la laminesheni. Ikipashwa, inaandika. Asubuhi tulikabidhiwa risiti zinazong'aa, ngumu, zisizoingia maji, nyeusi kama kaniki. Mama Mhasibu alichukua moja, akaigeuza, akaielekeza dirishani. Jina la sheli halipo, tarehe haipo, namba ya kuhakikia TRA haipo. "Zimekuwa imara," alisema mhudumu. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumjibu.

Nani atazunguka sheli kuomba nakala? Fildi. Nilizunguka Barabara ya Kilwa na suti yangu ya Düsseldorf, na kila nilipofika wauza mafuta walisimama wima na kuanza kutoa risiti hata kwa wenye bodaboda.

Kati ya yote, kilichonishangaza zaidi ni usuluhishi wa hesabu za benki. Daftari letu na taarifa ya benki vilipishana kwa shilingi 27,000. Ofisi nzima ilizitafuta, na mhasibu msaidizi akasisitiza kwa sauti kwamba ni yule wa fildi. Mama Mhasibu alipita na kikombe chake cha chai. "Inagawanyika kwa tisa," akasema, akaendelea kutembea. Kumbe tarakimu mbili zinazofuatana zikibadilishana nafasi, tofauti hugawanyika kwa tisa daima. Tukatafuta namba zilizogeuzwa: 85,400 ilikuwa imeingizwa 58,400, kwa mwandiko wa mhasibu msaidizi. Akakumbuka ana miadi benki.

Yote hayo ilibidi yaandikwe kwenye logibuku kwa lugha ya chuo. Kutoa kopi kukawa "uzalishaji wa nyaraka za kifedha". Kutafuta birika nilikuita "uratibu wa rasilimali za idara", na nilikubaliwa.

Mwalimu msimamizi alikuja kutoka chuoni karibu na mwisho wa fildi. Alikunywa soda, akafungua kurasa mbili, akauliza nimejifunza nini kuhusu udhibiti wa hatari. Nilianza kujieleza, lakini aliniinulia mkono na kutoa pochi. Humo mlikuwa na risiti zake za mafuta ya safari, zimeanza kupauka.

"Kijana," akasema kwa sauti ya chini, "hapa jirani hakuna stationery wanaopiga laminesheni?"