Namna ya Kumtazama Steringi Akifa

Aliyekulia kwenye kibanda umiza anaijua sheria moja kuliko zote: steringi hafi. Atapigwa, atamwagiwa petroli, atatupwa baharini akiwa na jiwe shingoni, na mtafsiri wa muvi anaweza hata kumlilia kwa sauti, lakini adui ndiye atakayetangulia kaburini. Sheria hiyo ilitulea vizuri mpaka Aprili 2019, Avengers: Endgame ilipoingia kwenye kumbi. Mwongozo huu ni wa yule ambaye bado hajaiona, na pole nyingi zimwendee atakayekaa pembeni yake.

Kwanza kabisa, usijiandae. Hii ni filamu ya 22 katika mfululizo ulioanza na Iron Man mwaka 2008, na watu makini watakushauri uanze na zilizotangulia. Wapuuze. Marekani kuna kumbi ziliziunga zote 22 zikaziachia mfululizo, saa 59 na ushee. Wewe una kazi na watoto. Ingia mtupu, kisha mtegemee jirani. Yeye ameisubiri siku hii miaka 11, kwa hiyo hawezi kukosa hamu ya kukueleza. Anza na swali la msingi: "Steringi nani hapa?" Atamtaja mmoja. Dakika mbili baadaye atatokea mwingine mwenye ngao, uliza tena. Wapo wengi, swali halitachuja hadi taa ziwashwe.

Kuchelewa pia kuna faida zake. Katika Avengers: Infinity War ya 2018, adui mkuu, Thanos, alikusanya mawe sita ya nguvu, akafyatua vidole, na nusu ya viumbe hai wakageuka vumbi, eti kwa kuwa riziki ni chache na walaji ni wengi. Hoja hii utaisikia pia kwa baadhi ya wajomba siku ya kugawana urithi. Sasa, Endgame haijakolea hata kidogo, Thor, yule mungu wa radi, anamfuata Thanos shambani kwake na kumkata kichwa. Baadaye Thanos mwingine anazuka, yule wa 2014, na ukumbi mzima unakuna vichwa: huyu si tulimzika? Wewe uliyechelewa nusu saa ndiye peke yako usiyeona ajabu.

Hata hivyo, jitahidi usimkose panya. Miaka mitano imepita tangu lile vumbi. Captain America anaongoza kikao cha kuwafariji waliofiwa. Thor ameota kitambi, anashinda na bia na michezo ya video. Scott Lang, yule Ant-Man, amekwama mahali ambapo hata wanasayansi wa filamu wanapaeleza kwa kubabaika, na kifaa cha kumtoa kimo ndani ya gari lililosahaulika ghalani. Hapo anapita panya. Anakanyaga kitufe, gari linawaka taa, Lang anarushwa nje, na mpango mzima wa kuwarudisha waliopotea unaanzia hapo. Hebu pima: kuna mungu wa radi, kuna wachawi, kuna Tony Stark, ndiye Iron Man, mwenye akili za chuo kizima, halafu aliyeokoa ulimwengu ni panya. Mwenye ghala angekuwa amenunua sumu ya mia tano tu wiki hiyo, Thanos alikuwa ameshinda. Na kwenye mazishi ya mwishoni panya hakualikwa! Jambo hili mnong'oneze jirani, kwa sauti ya kufika safu ya tatu.

Suala la choo lisikutishe. Filamu ina dakika 181 na haina mapumziko. Sisi tuliozoeshwa na Wahindi kupumzika katikati tumelemaa. Wenye busara hutoka mapema, watu wakiwa wanaongea tu kwenye skrini. Wewe vumilia mpaka vita vya mwisho, pale Captain America anaponyoosha mkono na nyundo ya Thor ikamjia. Ukumbi utasimama na kupiga mayowe, njia itakuwa nyeupe. Na kama nyuma yupo anayeirekodi kwa simu, umeingia kwenye historia: kopi hiyo itauzwa kwenye flashi, na mtaa mzima utaona kichwa chako kikikatiza mbele ya Thanos.

Kuhusu siri, wenyewe walihangaika mno. Vipande vilipovuja kabla ya siku, waongozaji Anthony na Joe Russo waliandika barua ya wazi kuwasihi watazamaji wasiharibiane. Hata waigizaji walifichwa: tukio la mazishi liliitwa harusi kwenye maandalizi. (Huku kwetu janja hiyo isingefika mbali, angetafutwa mweka hazina, kadi za mchango zingeshasambaa.) Wewe mwaga mchele kwenye kuku wengi. Au fanya ustaarabu: andika kwenye kundi la familia kwamba hutasema chochote, ila mtu asimzoee sana Iron Man.

Maana ndiye anayekwenda. Stark anayanyakua yale mawe sita, anafyatua vidole, jeshi la Thanos linapeperuka, na yeye anamalizikia kwenye kifusi, mkewe pembeni. Ukumbi utakuwa kimya, pua tu ndizo zinazosikika. Usimtazame usoni mwanaume aliye karibu nawe. Mpe tishu kimyakimya, kama unamrudishia chenji. Akishatulia, mkumbushe sheria ya kibanda kwa mantiki yake halisi: steringi hafi, kwa hiyo aliyekufa hakuwa steringi. Steringi ni Captain America, ambaye amezeeka salama na kukabidhi ngao kwa Sam Wilson. Atakuchukia. Ukweli unauma.

Majina yanapopanda, mhimize abaki. Filamu hizi zimewafundisha watu kusubiri mpaka jina la mwisho, kwa kuwa nyuma yake huwa kuna kipande cha ziada. Safari hii hakipo. Kuna mlio wa nyundo juu ya chuma tu, kukumbushia Stark alivyofua vazi lake la kwanza pangoni mwaka 2008. Mwambie kipande ni kirefu na kizuri ajabu, wewe kimbilia daladala.

Na usiamini neno mwisho. Filamu iliyoingiza takriban dola bilioni 2.8 haiwezi kufungiwa duka. Julai 2019 Spider-Man alikuwa ameshatolewa tena. Julai 2024, huko San Diego, Robert Downey Jr., aliyemwigiza Stark, alivua kinyago jukwaani na kutangazwa kuwa anarudi, safari hii kama Doctor Doom, kwenye Avengers: Doomsday iliyopangiwa Desemba 2026. Mtafsiri wa muvi atakayewaeleza wateja wa kibanda umiza kwamba sura waliyoizika ndiyo sasa ya adui, huku nusu yao wakibisha kuwa huyo ni pacha wake, aongezewe hela.