Hita ya Mjomba

Njombe mwezi wa Julai si mahali pa kubishana na maji. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri bomba linatoa kitu ambacho ukinawia uso unakumbuka madeni yako yote. Ndiyo maana mjomba alipofunga hita ya lita 100, tulimpongeza kama aliyefunga ndoa.

Tatizo la mjomba ni nadharia. "Hita haizimwi usiku," huwaambia wageni. "Ukiizima, asubuhi inaanza upya, inakula umeme maradufu." Mita ya LUKU pale ukutani haijawahi kukubaliana naye. Usiku kucha hita inalia tik, inachemsha. Inalia tik, inapumzika. Inachofanya ni kufidia joto lililokwisha kupenya ukuta wa tangi na kwenda kuwafariji panya wa darini. Wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba. Mfuko hawakuutaja.

Binamu yangu, ambaye ni fundi umeme, alijaribu kumwelewesha. Kasi ya joto kutoroka hufuata tofauti kati ya maji na hewa iliyoyazunguka. Dari likiwa na nyuzi 10, maji ya nyuzi 60 hupoteza joto mara mbili ya maji ya nyuzi 35. Hita iliyozimwa hupoa, na kadiri inavyopoa ndivyo inavyopoteza polepole zaidi. Iliyoachwa inawaka hupoteza kwa kasi ile ile mpaka jogoo awike. Mjomba akamsikiliza, kisha akamuuliza ameoa lini.

Uniti ziliisha Jumapili alfajiri, mjomba akiwa na povu hadi masikioni. Alitoka bafuni na taulo, akiiita mita kwa majina ambayo padri hakupaswa kuyasikia siku ile.

Mama Neema, mkewe, hakubishana. Alichukua blanketi la mjomba, lile lenye picha ya simba, akalivisha tangi, akaacha wazi upande wa nyaya. Kidhibiti joto kilichokuwa nyuzi 75 akakishusha hadi 60, si chini ya hapo, kwa kuwa maji vuguvugu yakikaa tangini hulea bakteria. Hita sasa inawashwa saa 10 alfajiri, na saa 12 nyumba nzima inaoga kwa foleni bila kuacha nafasi. Bomba la kwenda bafuni lina mita 20 na linashika karibu lita 3. Ukichelewa, maji hayo hupoa, na wewe unayamwaga ukisubiri ya moto.

Uniti zinadumu. Mjomba analalamika kwamba hita inalala vizuri kuliko yeye, lakini hajakata tamaa na sayansi. Wiki hii amekuja na nadharia mpya: friji izimwe usiku, maana baridi ya Njombe ni ya bure.